Mama Kofia na Mtoto wa Mwoka Mikate

Ukitaka nguo yako iishe kwa wakati, usiilete Jumamosi. Nimewaambia wateja mpaka mdomo umechoka. Jumamosi chumba chetu si cha ushonaji tena. Meza ya kukatia imejaa vikombe vya chai, watoto wako sakafuni wanachezea vifungo, na mwenzangu, mwenye cherehani ya dirishani, amezungukwa na watu wazima wanaoshona kofia mbaya kuliko zote ulizowahi kuziona. Mimi ndiye ninayebaki mlangoni kugombana na mwenye gauni la harusi.

Huyo mwenzangu mtaa mzima unamwita Mama Kofia. Tumepanga chumba hiki pamoja tangu ujana wetu. Yeye alichukua dirisha kwa sababu macho yake yanataka mwanga, mimi nikachukua mlango kwa sababu nina mdomo. Ni mnene, sauti yake ya chini, na anaongea huku kashika pini kwa midomo na hajawahi kumeza hata moja. Nampenda kama ndugu wa tumbo moja, na ananikera kila siku ya Mungu.

Kazi yake ya Jumamosi, ambayo hakuna anayemlipa, ni kukaa na wazazi wanaolea watoto wa rangi nyingine. Wapo waliopewa na ustawi wa jamii wawalee kwa muda, wapo walioasili, mtoto akawa wao moja kwa moja. Weusi wenye mtoto mweupe, weupe wenye mtoto mweusi, na wengine ambao ukiwatazama hujui uanzie wapi. Wanakuja na maswali wanayoona aibu kumwuliza jirani. Mtoto ananukia tofauti, ni kawaida? Wenzake wanamshika nywele, niseme nini? Amesema anataka kuwa kama mimi, nimjibu vipi?

Na ana sharti lake. Hamshonei mtu kofia. Mtoto mwenye nywele za kipilipili anahitaji kofia laini ya kulalia, nywele zisikatike kwenye mto. Mtoto mweupe anahitaji yenye ukingo mpana, ya kumkinga na jua. Zote mbili Mama Kofia angeweza kuzishona amefumba macho. Hashoni. Anakupa kitambaa, mkasi na uzi, anakwambia, "Kata." Ukilia, unalia huku unakata.

"Si uwashonee tu tumalize?" nilimwambia siku moja, wateja wamenijaa mpaka barazani.

"Wewe shona gauni," akasema, na pini zake hazikutikisika.

Kuna mzungu mmoja, fundi wa mashine za hospitali, mikono yake mikubwa kama koleo. Yeye na mkewe wameasili kitoto cha kike cheusi, kizuri ajabu, kinachokonyeza kila mtu. Siku ya kwanza waliingia nywele za mtoto zimeshikamana kama zulia, mke analia, mume kashika chanuo lililovunjika meno. Mama Kofia hakuwacheka. Mimi nilitoka nje nikacheke vizuri. Basi akachukua lile fagio la kudekia lenye nyuzi ndefu, akalifunga kwenye mgongo wa kiti, akamwambia yule baba, "Haya, suka." Jumamosi baada ya Jumamosi lile jitu likawa linasuka fagio, ulimi nje, jasho linamtoka. Mke ndiye aliyeshona kofia ya kulalia, imepinda upande kama kofia ya mlevi, na mtoto anaipenda hivyo hivyo.

Siku hizi yule mzungu anasuka mistari iliyonyooka kunishinda mimi. Mtoto akiguna, anamwambia, "Tulia mama, baba anamalizia." Nilipomsikia mara ya kwanza nilijifanya natafuta uzi chini ya meza, machozi yananilengalenga.

Msidhani Mama Kofia alizaliwa akiyajua haya. Zamani alikuwa anashona mashuka ya hospitali. Mwanamke mmoja mgeni, mweupe, hana mtu, alifariki wodini akaacha mtoto wa kiume anayetambaa. Ndugu walitafutwa, hawakupatikana. Mwenzangu, ambaye wakati huo hakuwa mama wa mtu yeyote, akaomba apewe. Mchumba wake akamwambia achague, yeye au kile kizungu. Akachagua. Ananisimulia huku anacheka, nami nacheka kumfuata, ingawa mpaka leo nikikutana na yule mwanamume sokoni namkata jicho.

Hakuwa na wa kumwuliza. Alikwenda kugonga kwenye nyumba za wake wa wageni, aulize ngozi kama ile inaoshwaje, inapakwa nini. Mmoja alidhani anatafuta kibarua, akampa ndoo. Mwenzangu akadeki sebule nzima, akakamua tambara, kisha akauliza tena. Yule mama aliona haya mpaka shingo ikamwiva, akamkalisha, akamweleza yote. Mimi ningemmwagia ile ndoo miguuni.

Lakini kinachomuuma hadi leo si ngozi. Shuleni walimwita mwanawe Chumvi. Walimsukuma, walimvuta nywele kuona kama ni za kweli. Akarudi nyumbani kuuliza kwa nini, na mama yake akamjibu kwamba rangi si kitu, watu wote ni sawa, akala chakula chake akaona kazi imekwisha. Mtoto hakumwambia jambo lolote tena kwa miaka. "Nilimwambia si kitu," husema, "na yeye kila siku anapigwa kwa kitu hicho hicho." Walipatana baadaye, kijana akiwa mkubwa, kwa machozi mengi. Sasa ni fundi wa lifti katika mji wa mbali, jitu zima lenye ndevu, anampigia simu kumgombeza kuhusu presha.

Basi huyo ndiye Mama Kofia. Sasa niwaambie habari ya mwoka mikate.

Mwoka mikate ni jirani yetu wa mtaa wa juu. Mwanamke wa kazi, mikono imejaa misuli ya kukanda unga, amelea watoto watano na wote wamesimama kwa miguu yao. Mumewe anaendesha lori. Nyumba ilipobaki tupu wakaomba mtoto wa kulea, ustawi wa jamii wakawaletea kasichana keupe pe, nywele rangi ya majani makavu. Mama yake mzazi alishindwa kumlea, na wa upande wake hawakujitokeza. Kalipoingia tu ndani kalimwangalia yule dereva kutoka juu hadi chini kakamwamuru avue viatu. Dereva akavua. Kuanzia siku hiyo akakaita Bosi, na jina likakaa.

Mama Kofia alikwenda kuwakaribisha Jumamosi. Nilikuwa naye. Mwoka mikate alikuwa amezama kwenye unga hadi viwiko, akacheka kwa moyo wake wote.

"Dada, watano nimelea! Leo nifundishwe kumwogesha mtoto?"

"Hata chai tu, karibu," mwenzangu akasema.

Hakuja. Wala hakuwa na kiburi, tusimsingizie. Alikuwa na uhakika, basi. Na kwa kweli mtoto alinawiri. Kila asubuhi aliogeshwa, akapakwa mafuta ya nazi toka utosini mpaka vidoleni, akang'aa. Ndivyo tulivyolelewa sisi sote. Mtoto akionekana mtaani amepauka, anayeaibika ni mama yake.

Ikaja siku wanapaka nyumba rangi. Ilikuwa kiangazi, jua la kupasua mawe. Vitu vyote nje, watu wanapanda ngazi wanashuka, na Bosi katikati ya ua kwenye beseni la maji, na fulana yake isiyo na mikono, anaamuru mafundi. Amepakwa mafuta yake vizuri. Alicheza hapo toka asubuhi hadi vivuli vikageuka upande, na kila aliyepita alimsifu kwa uchangamfu. Wale watano walikuwa wanacheza hivyo hivyo kwenye ua huo huo.

Jioni mtoto akawa mwekundu. Mama akadhani ni joto, akaongeza mafuta. Kulipokucha mabega yalikuwa yamejaa malengelenge, mtoto anapiga kelele hata akiguswa na shuka. Wakamkimbiza zahanati. Daktari alimtazama mara moja tu akasema ni jua, hakuna ubishi, akampa dawa. Ila mtoto wa ustawi wa jamii akiletwa na majeraha ya kuungua, lazima ofisi iambiwe. Afisa akaja siku hiyo hiyo. Hakufoka. Alisema kutakuwa na kikao wiki inayofuata, na kwamba wapo mume na mke, weupe kama mtoto, walioomba siku nyingi kupata mtoto wa kulea. Huenda ikawa heri kwake awe na watu wanaoijua ngozi yake.

Sisi tulijua kuna jambo kwa sababu mikate haikutoka. Habari zilipofika dukani kwetu, damu ilinichemka. Nilisema maneno nisiyoweza kuyarudia hapa. Mtoto anaunguaje na mtu mzima yupo?

Mama Kofia alisubiri nimalize. "Wewe ungempaka nini asubuhi?"

Nikafungua mdomo kumjibu. "Mafuta," nikasema.

"Haya. Chukua mtandio, twende."

Tulimkuta mwoka mikate amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Bosi amelala kifudifudi kwenye mkeka, mabega yamefunikwa kitambaa cha dawa. Kando ya mlango kulikuwa na kimfuko kimefungwa, na viatu vidogo juu yake.

"Mchukueni tu," aliniambia mimi, akidhani nimetoka ofisini. Alipotutambua akaangua kilio. "Nimemchoma mwenyewe, dada, kwa mikono yangu hii. Watano nimelea na sijamchoma hata mmoja. Nitamrudisha kabla sijamuua. Wapo wa rangi yake, wao wanajua."

Nilidhani mwenzangu atamwambia maneno ya kupoza, pole, usijali, bahati mbaya. Wapi. Alijishusha sakafuni kwa shida, magoti yanamlia, akakaa mkabala naye.

"Umemwumiza," akasema. "Ni kweli. Analia usiku?"

"Analia."

"Akilia anamwita nani?"

Mwoka mikate akajifuta pua kwa kiganja. "Bosi hamwiti mtu. Anaamuru. Anasema, njoo hapa."

"Nani aje?"

Akautazama mkeka. "Mimi," akasema.

Mama Kofia akachomoa kitambaa kwenye kikapu, na mkasi. "Kata," akasema.

Wiki ile tulikwenda kila jioni, mimi nikilalamika njia nzima kuhusu kazi zilizolala. Mwoka mikate alikata kitambaa kama anayegawa donge la unga, ukingo mmoja mnene, mwingine mwembamba, ikabidi akate kingine. Huku anashona, Mama Kofia anamweleza. Kwamba kwa ngozi ile mafuta na jua la mchana ni kikaango. Kwamba ipo krimu ya kuzuia jua, inauzwa duka la dawa, na inarudiwa kupakwa, si mara moja ukaishia hapo. Kwamba saa za jua kali mtoto anacheza kivulini, aseme asiseme. Hayo mwoka mikate aliyashika upesi. Ni mtu anayejua joto.

Yaliyokuwa magumu ni mengine. "Ipo siku atakuuliza kwa nini hafanani nanyi," Mama Kofia alimwambia. "Usimwambie rangi si kitu. Kaa naye, mwulize nani kamwambia nini, umsikilize hadi mwisho."

Kisha akagusa penye kidonda. Akamwambia wale mume na mke weupe, kikao kiende kinavyokwenda, mtoto anawahitaji. Mwoka mikate akaitupa kofia chini.

"Nimkaribishe nyumbani kwangu mtu anayetaka kuninyang'anya?"

"Mwanangu alifika ujana bila kumwona mtu mzima mmoja anayefanana naye," mwenzangu akasema. "Siku alipomwona alimfuata mtaani kama mbwa anayemfuata mwenye nyama. Mimi niko nyuma namwita, hanisikii."

Mwoka mikate aliokota kofia akaendelea. Lakini kila nilipofika pale niliangalia mlangoni, na kile kimfuko kilikuwa palepale. Hata asubuhi ya kikao hakuwa amekifungua. Alikibeba mkononi tukaenda nacho, na hakuna aliyejua kama anakwenda kumpigania mtoto au kumkabidhi. Hata mumewe hakujua. Aliniambia kwa sauti ya chini, macho mekundu, "Shemeji, hasemi. Usiku kucha hasemi."

Mimi sikualikwa kwenye kikao. Nilijialika. Ofisi yenyewe ni chumba chenye mabenchi mawili, meza, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Benchi moja tulikaa sisi wanawake watatu. Benchi la pili wamekaa wale mume na mke weupe, wamevaa nguo za kwenda kanisani, mikono imeshikana, wanaogopa kututazama. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nilishindwa. Dereva alibaki koridoni na Bosi, na kupitia mlangoni tulimsikia akiamriwa awe farasi.

Afisa alisoma maneno ya daktari. Akasema haoni ukatili hapa, anaona kutojua, lakini mtoto haungui kidogo kwa sababu aliyemchoma hakujua. Kisha akakunja karatasi, akamgeukia mwenzangu, na sura yake ikalainika. Pale ofisini Mama Kofia anaheshimiwa sana. Alipoingia walisimama wote, mpaka mlinzi.

"Mama," afisa akasema, "sisi tunakuamini. Umekaa na familia hii wiki nzima. Wewe ukituambia mtoto abaki, atabaki. Unasemaje?"

Yamekwisha, nikajisemea, neno moja tu, twende zetu. Mwoka mikate alimgeukia kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu anayezama akaona mkono.

Mama Kofia akatazama dirishani.

Nikadhani hajasikia. Nikamkanyaga mguu chini ya benchi, na mimi nikikanyaga nakanyaga. Hakutikisika. Feni inalia. Afisa akarudia, taratibu, "Mama, unasemaje?"

"Mimi ni fundi cherehani," akasema. "Mwenye mtoto yupo hapa." Na akafunga mdomo kama vile umejaa pini.

Nilitamani kumzaba kofi. Nasema kweli. Mwoka mikate alibaki ameduwaa, kimfuko magotini. Afisa alichukua kalamu. Yule mke mweupe akaanza kunyanyuka, sijui kwa tumaini au kwa huruma. Huko koridoni sauti ndogo ikasema, kwa ukali, "Simama! Farasi hachoki!"

Mwoka mikate akasimama yeye.

"Namtaka," akasema. Akairudia kwa nguvu mpaka mlinzi akachungulia. "Namtaka, simwachi. Nimekosea na nimeona nilivyomfanya, nikifumba macho nayaona mabega yake. Na nitakosea tena, bwana afisa, sitakudanganya, maana yapo nisiyoyajua na hata sijui kama siyajui. Lakini sitasubiri tena mpaka aungue ndipo niulize. Nitauliza hata kama nitachekwa. Nilijiona nimemaliza kulea. Sijamaliza."

Kisha akawageukia wale wawili. Nikashika benchi.

"Na ninyi ndugu zangu, mje nyumbani. Sisemi kwa adabu tu, nawaomba. Huyu mtoto anatakiwa aone watu wazima wanaofanana naye, ajue atakavyokuwa akikua. Hilo mimi siwezi kumpa, hata nijimwagie gunia zima la unga."

Yule mume akacheka ghafla, akaona aibu, akafunika mdomo. Mkewe analia na kucheka pamoja. "Jumapili?" akauliza. "Jumapili inafaa?"

"Njooni na njaa," mwoka mikate akasema, akakaa kwa kishindo kama gunia lililotuliwa.

Afisa aliandika kitambo kirefu. Mwisho akasema mtoto atabaki alipo, kwamba ofisi itakuwa ikipita kumwona, na kwamba ameandika pia habari ya Jumapili, asije mtu akajifanya amesahau. Mwoka mikate alitoka mbio hata hakuaga. Alimkuta mumewe amepiga magoti koridoni, akapiga magoti na yeye, na Bosi akamwambia asimguse mabega, ashike kiuno. Akashika kiuno.

Njiani kurudi sikumsemesha Mama Kofia mpaka tulipofika kona ya mtaa wetu. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Wewe mwanamke una moyo gani? Neno moja tu! Umeombwa neno moja na ofisi nzima, mwenzio anakufa pale, wewe unatazama dirishani! Angenyamaza je? Wangembeba mtoto unamwona hivi hivi!"

Akasimama. Ndipo nilipoona amekunja mtandio ndani ya ngumi mpaka umekuwa kamba.

"Unadhani sikuogopa?" akasema. "Nilikuwa nauma ulimi. Lakini ningesema mimi, mtoto angebaki pale kwa ajili yangu. Siku nikifa wangerudi kumchukua."